Kati Yenu Kama Atumikaye

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii wazazi wetu waliadhimisha ndoa yao, nasi watoto tukawapeleka kula katika mgahawa wa jirani ambao familia yetu imeuzoea. Siku kubwa kama hiyo mtu habahatishi. Unakwenda mahali unapojua chakula kitaletwa kikiwa cha moto na wazee wataketi kwa utulivu. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya watu wa pale, maana uaminifu wa namna hiyo hautokei wenyewe. Kuna mtu ameamka mapema kuosha, kumenya na kuonja, jana na juzi vilevile, bila kupigiwa makofi. Aliye mwaminifu katika lililo dogo, Bwana anamwona.

Meza ya pili waliketi ndugu wa imani. Tulijua kwa sababu waliombea chakula kwa sauti, sala nzuri, hata sisi tukaitikia amina. Muda mfupi baadaye mmoja wao akaanza kumkaripia mhudumu kwa kuwa sahani moja imechelewa. Alimwita kwa kumpigia vidole. Kijana wa watu akainamisha kichwa, akaomba radhi kwa kosa la jikoni ambalo si lake, akaondoka.

Mama akaweka kijiko chini. Akasema taratibu, "Hata mimi walikuwa wakiniita hivyo."

Mama yangu alihudumu mezani miaka mingi, na karo yetu ilitoka katika kazi hiyo. Sikukuu za watu ndizo zilikuwa siku zake za kurudi usiku, miguu imevimba, sisi tumeshalala. Aliwahi kutueleza kwamba ziko meza za watu waliotoka ibadani ambazo wahudumu walikuwa wakisukumiana, kila mmoja akiomba mwenzake aende. Wapendwa, neno hilo limenikosesha usingizi wiki nzima. Watu waliotoka kumwimbia Mwokozi, halafu mtu mwenye trei anaogopa kuwasogelea!

Hebu tufungue Luka 22. Bwana amekwisha kuumega mkate na kuwapa kikombe, na papo hapo mezani wanafunzi wakaanza kushindana nani aliye mkubwa. Yesu akawauliza, mkubwa ni yupi, aketiye chakulani au yule atumikaye? Wote walijua jibu la dunia. Ndipo akasema, "Lakini mimi kati yenu ni kama atumikaye." Usiku ule ule, Yohana anatuambia, aliinuka, akajifunga kitambaa kiunoni, akawaosha miguu. Akajitambulisha kwa kazi ya yule ambaye wewe na mimi tunamwita bila hata kumtazama usoni.

Basi ndugu yangu, ukimdhalilisha anayekuhudumia, unamdhalilisha mtu aliyesimama mahali ambapo Bwana wako alichagua kusimama. Usiniambie umelipa. Ulicholipia ni chakula. Utu wa mtu hauko kwenye bili. Wapo wanaoacha kikaratasi cha Injili juu ya meza na kuondoka bila kutoa hata asante, wakidhani wameshuhudia. Sauti uliyomnenea tangu ulipoketi imeshahubiri, naye ameisikia vizuri. Kama chakula kimechelewa, sema. Kama kimeharibika, kirudishe, ni haki yako. Lakini sema kama unavyotaka mwanao asemeshwe siku yake ya kwanza kazini.

Kule Kana vilevile, arusini ambako Yesu aligeuza maji kuwa divai, mkuu wa meza hakujua divai imetoka wapi. Watumishi walioyateka maji ndio waliojua.

Wala sisemi tusisherehekee. Katika Nehemia 8 watu walilia waliposikia torati ikisomwa, wakaambiwa waende wakale kilichonona na kunywa kilicho kitamu, kwa maana furaha ya Bwana ni nguvu zao. Ila agizo lile lina kipande tunachokiruka: mkampelekee sehemu yeye asiyewekewa kitu. Furaha ya watu wa Mungu ilikatwa mapema ili imfikie asiye na mahali mezani. Mara nyingi mtu huyo ndiye anayeondoa sahani zetu, na bakshishi tunayoona uzito kuitoa ingemsaidia kuliko tunavyodhani.

Najua wengi mna mahafali, ubarikio na ndoa za vijana wetu hivi karibuni, nanyi mtaketi kula pamoja. Nawaomba kwa upendo: kiongozi asianze sala wakati mhudumu amesimama na trei ya moto mikononi. Mpokeeni kwanza, aweke chini. Muulizeni jina lake, na mkiomba, mtajeni kwa jina hilo mbele za Mungu, yeye na walio jikoni. Na ndugu akianza kupandisha sauti, aliye karibu naye amshike mkono amwambie, basi, mpendwa.