Sensa mbili za egzosti, wiki ya tatu: kumbe ethi (waya wa kurudisha umeme)

Jana saa nne usiku namba za hewa kwa mafuta zimekaa sawa kwa mara ya kwanza, kushoto 14.7 kulia 14.7 (hewa 14.7 kwa mafuta 1, ndo mchanganyiko sawa), V6 ya Prado inanguruma taratibu kabisa, nikapiga kelele mpaka mama mdogo akatoka nje kuuliza kuna nini.

Kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, ni MegaSquirt 3, kila benki (upande mmoja wa silinda) ina LC-2 yake, kifaa kinachogeuza kipimo cha sensa kuwa volti, na sensa ya Bosch LSU 4.9, volti 0 ni 7.35 na volti 5 ni 22.39. Shida ilikuwa kulia. Laptopu inasoma 15.6, nikiongeza mafuta upande ule plagi zinatoka nyeusi tii. Sasa plagi nyeusi alafu namba inasema hewa imezidi, mmoja hapo anadanganya, na plagi haijawahi kunidanganya.

Nikahamisha sensa ya kushoto kwenda kulia, ugonjwa ukabaki kulekule. Nikapaka povu la sabuni kwenye gaskiti ya manifoldi, hakuna hata kipovu. Nikarudia kalibresheni ya hewa safi saa kumi na moja alfajiri, hapa Ujiji inabidi uwahi kabla majirani hawajawasha mkaa maana moshi ukifika kwenye sensa umeharibu yote. Bado 15.6! Hapo nililala na hasira kweli.

Ndo nikashika multimita. Waya wa signali wa kulia nikiupima kwa ethi ya LC-2 yenyewe napata 2.44, ambayo ndo 14.7. Waya uleule, sindano nyeusi nikiihamishia ethi ya sensa za kontrol boksi, 2.75. Volti moja ni kama pointi 3, haya piga hesabu. Ethi ya LC-2 ya kulia nilikuwa nimeifunga kwenye bodi ya gari karibu na betri, ya kushoto ipo kwenye bloku ya injini pamoja na ya kontrol boksi. Hita ya sensa inakula umeme mwingi, ukirudi kupitia bolti yenye rangi na kutu ethi yote inapanda, na kontrol boksi inaisoma ile nyongeza kama hewa. Wiki tatu kwa bolti moja.

Nimekwangua bloku mpaka chuma king'ae, waya zote zimeenda pale. Terminali nimebana kwa koleo lake, solda sitaki tena kwenye gari, waya unakakamaa pale solda inapoishia na mtetemo unaukata palepale.

Jumamosi nilipanga kutoka barabara ya Kasulu kuanza kupanga jedwali la mafuta la kontrol boksi ila siendi, kwasababu nimewaza mbona nabembeleza volti wakati LC-2 inatoa namba yenyewe kwa serio (inatuma namba kwenye waya badala ya volti), kasi baudi 19200, ikipita Arduino (kompyuta ndogo ya kuandikia programu) na moduli ya MCP2515 naingiza CAN, waya wa mawasiliano wa kontrol boksi, moja kwa moja na ethi haina cha kupotosha. Moduli ipo mezani, rezista mbili za omu 120 za ncha za waya wa CAN nimezing'oa kwenye bodi mbovu ya elektroniki, leo usiku naandika kodi.