Taa ya indiketa kwenye dashibodi iliwaka upande mmoja tu

Kwa jua la Dar, balbu za dashibodi ya pikipiki yangu hazikuonekana kabisa mchana. Nikanunua LED za volti 12 Kariakoo. Ya nyutro iligoma. Nikaigeuza, ikawaka, maana LED hupitisha umeme upande mmoja tu.

Kazi ilikuwa indiketa. Taa yake ni moja, imeungwa kati ya waya wa kushoto na wa kulia, hivyo umeme hubadili mwelekeo kila ukibadili upande. LED ikawaka kushoto tu. Dawa: diodi mbili za 1N4007 (vipande vidogo vinavyopitisha umeme upande mmoja tu), moja kila waya, mistari iliyochorwa juu yao ikitazama LED, zikutane kwenye chanya ya LED, hasi yake nikaipeleka kwenye bodi ya pikipiki. Lehemu haraka, plastiki ya soketi huyeyuka. Flasha, kifaa kinachofanya indiketa ziwake na kuzima, sikuigusa, kwani balbu za indiketa za nje ni zilezile.