Shamba la Anathothi: Tumaini Lenye Hati na Mashahidi

Wapendwa katika Bwana, somo la juma hili ni Yeremia 32:1-27. Lisomeni lote kabla ya kuendelea, kwa sauti ikiwezekana.

Ni mwaka wa 10 wa Mfalme Sedekia. Majeshi ya Babeli, yaani Wakaldayo, yameuzingira Yerusalemu, na Yeremia amefungwa katika uwanja wa walinzi. Posho yake ni mkate mmoja kwa siku kutoka njia ya waokaji, nao utakoma mikate itakapokwisha mjini (37:21). Wakati huo anakuja binamu yake Hanameli kumtaka anunue shamba lililoko Anathothi. Sheria iko wazi: jamaa wa karibu ndiye mwenye haki ya kukomboa ardhi ya ukoo (Walawi 25:25). Lakini Anathothi iko nje ya kuta, kilomita chache tu kutoka mjini, na huko nje wametapakaa askari wa adui. Tena ni watu wa Anathothi hao hao waliowahi kutafuta roho ya Yeremia (11:21). Kwa hesabu ya mnunuzi yeyote, ile ni fedha ya kutupa.

Yeremia ananunua. Aya ya 9 hadi ya 14 zisomwe polepole, maana ndipo lilipo tumaini lenyewe. Anapima shekeli 17 za fedha katika mizani, karibu gramu 200, kwa kuwa fedha ya siku zile ilipimwa kwa uzito. Hati inaandikwa, inatiwa sahihi mbele ya mashahidi. Ziko mbili: moja imepigwa muhuri ili mtu asiibadilishe, nyingine iko wazi ili isomwe. Baruku, mwandishi wake, anakabidhiwa zote mbili hadharani, mbele ya watu wote walioketi uwanjani, na anaagizwa azitie katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Aliyewahi kununua kiwanja mbele ya mwenyekiti wa mtaa anajua uzito wa mambo haya. Hakuna aliyehitaji taratibu hizo kama nchi ile isingekuwa na kesho.

Angalieni pia kwamba Yeremia hakuwaficha watu hali ilivyo. Ni yeye aliyetangaza kwamba mji utatekwa, na ndiyo sababu alifungwa (32:3-5). Miaka michache kabla, nabii Hanania alikuwa amewaahidi watu kwamba mambo yangetengemaa ndani ya miaka miwili (28:3). Neno lake lilipendeza masikioni, nalo lilikuwa uongo. Neno la Bwana lilikuwa miaka 70 ya Babeli kabla ya kurudishwa (29:10). Hapa ndipo wengi wetu tunapovunjika: tunampangia Mungu tarehe, tarehe inapita, na tunadhani ahadi ndiyo iliyoanguka. Mji ulianguka kweli, na Yeremia mwenyewe akachukuliwa kwenda Misri (43:6-7). Maandiko hayasemi popote kwamba alilima shamba lile. Lakini katika orodha ya waliorudi kutoka uhamishoni tunasoma: watu wa Anathothi, 128 (Ezra 2:23).

Sala yake inakuja baada ya hati kukabidhiwa, na mpangilio wake unafaa sana kwa mtu aliyeelemewa. Aya ya 17 hadi ya 22 zinataja matendo ya Mungu: uumbaji, kutoka Misri, kupewa nchi. Aya ya 23 ni toba. Aya ya 24 inataja shida kwa jina: upanga, njaa, tauni. Aya ya 25 inamwekea Mungu mshangao wake bila kuupamba: umeniambia ninunue shamba, na mji umetiwa mikononi mwa Wakaldayo! Anaishia hapo. Sisi mara nyingi tunaanza na aya ya 24 na kubaki humo, na ndiyo maana tunainuka magotini tumechoka kuliko tulipopiga magoti. Wengine wanairuka kabisa, wakidhani kutaja njaa ni kukosa imani.

Juma hili kila mmoja achague tendo moja la aina ya shamba lile: dogo, la kweli, ambalo maana yake itaonekana shida ikiisha. Mkulima aliyenyimwa mvua atenge mbegu za msimu ujao. Familia iliyokimbia vita iwafundishe watoto majina ya ukoo na kijiji chao, na iweke vyeti mahali pakavu. Aliyepoteza kazi ajipangie saa moja ya kujifunza kila siku. Liandikeni, mkawaambie watu wawili wa jumuiya, kwa sababu azimio lisilo na shahidi hufa kimya kimya siku ya kwanza mbaya.

Tahadhari moja, nayo naisema kwa uchungu. Andiko hili lisitumiwe kumshawishi mjane atoe ada ya mtoto eti ananunua muujiza. Yeremia alilipa fedha aliyokuwa nayo, kwa muuzaji halali, kwa neno alilolipokea na kulithibitisha (32:8).

Na hati yetu sisi iko wapi? Paulo anajibu kwa lugha ya mauziano: tumetiwa muhuri na Roho Mtakatifu, aliye arabuni ya urithi wetu (Waefeso 1:13-14). Bei ililipwa msalabani, na shahidi wa kwanza wa malipo hayo ni kaburi lililo wazi (1 Petro 1:3-4).

Tuombe: Ee Bwana, uliyeziumba mbingu na nchi, ukamfufua Yesu katika wafu, hakuna neno gumu usiloliweza. Utusamehe tulipokuacha. Waona deni, ugonjwa na hofu vilivyotuzingira. Nawe unatuambia tupande. Tupe mkono wa kupanda leo. Amina.