Nilivyojifunza kuonja mbege yangu na kujua kama imekaa sawa

Kupika mbege, ile pombe ya Wachagga ya ndizi na ulezi, unaweza kuelekezwa na mtu yeyote wa Kibosho ukaelewa, kinachosumbua ni pale ambapo umeshachanganya, umefunika pipa, kesho yake unachota kikombe cha kwanza unaonja alafu hujui useme nini. Ni chachu, sawa, ila mbege si inatakiwa iwe chachu? Ina uchungu, ila si ndo kazi ya msesewa, yale magome ya mti tunayotilia? Mimi kwetu Iringa, nimekua naona watu wanakunywa ulanzi, pombe ya utomvu wa mianzi, nikaja kuolewa huku Kilimanjaro, kwaiyo ladha ya mbege sikuwa nayo mdomoni tangu utoto kama wenzangu wa huku ambao wameonjeshwa kwenye kata ya bibi, kile kibuyu cha kunywea, hata shule hawajaanza. Wao ukiwauliza imekaaje wanakwambia "hii imekubali" au "hii bado", ukiwauliza kwanini hawana cha kukueleza, wanajua tu. Sasa mimi nilitaka kujua, maana nilikuwa napikia watu, kipaimara, posa, misiba, na huwezi kumwekea mzee pipa zima mbele yake wakati wewe mwenyewe huna uhakika nalo.

Mama mkwe wangu ndo alikuwa mpishi, miguu ikamkatalia, jiko likabaki kwangu, ila ulimi wake uko vilevile mpaka leo. Yeye hakunifundisha kuuliza ni nzuri au mbaya. Alikuwa anaagiza nimletee kata, anakunywa kidogo, ananirudishia, "mwanangu, niambie ulezi uko wapi." Nikisema sijui mama, "kunywa tena." Siku nyingine, "leo niambie ndizi imeenda wapi." Mwanzoni nilikuwa naona ananichosha, baadae nikaelewa anataka niichambue. Ndizi inatakiwa ije mwanzo kabisa, utamu mdogo na ile harufu ya ndizi iliyochemshwa mpaka ikawa nyekundu. Uchachu unafuata pembeni mwa ulimi. Ulezi unausikia kama kaunga unakwaruza kidogo, mbege isiyokwaruza kabisa ujue imewekewa maji mengi au kimea, yaani ulezi uliooteshwa ukakaushwa na kusagwa, kilikuwa kidogo. Alafu uchungu wa msesewa unakuja mwisho, ukishameza, kooni, na unatakiwa upite. Ukikaa mpaka unatafuta maji ya kusuuza mdomo, magome yamezidi.

Kujua mpangilio ni jambo moja, kuusikia mdomoni ni jambo lingine, na hapa nilifanya kitu ambacho kilinisaidia kuliko vyote. Nilienda kununua mbege kwa mama mmoja ambae mtaa mzima unamkubali, nikaja nayo nyumbani nikaigawa kwenye vikombe. Kikombe kimoja nikaacha kilivyo. Kingine nikadondoshea siki ya dukani, matone machache tu. Kingine nikaweka kijiko cha yale maji yanayojitenga juu ya maziwa mgando. Kingine maji ya msesewa niliyochemsha pembeni, na cha mwisho sukari kidogo. Nikakaa nayo mezani naonja kimoja narudi kwenye kile cha asili, naonja kingine narudi, naongeza tone naonja tena. Yani ile jioni ndo nilielewa kwamba kuna chachu mbili tofauti kabisa na nilikuwa naziita jina moja. Chachu ya maji ya maziwa ni laini, inajaza mdomo, mate yanatoka, unataka kunywa tena. Ya siki inapanda puani kabla hata hujameza, na ukimeza inachoma kifuani.

Hiyo tofauti ndo kila kitu kwenye mbege, na ina sababu yake. Ile laini inatokana na bakteria wa asidi ya laktiki, jamii ileile inayogandisha maziwa, hao wanafanya kazi vizuri hata pasipo na hewa na ndo wanaoipa mbege uchachu wake wa halali. Ile ya siki inaletwa na bakteria wengine ambao lazima wapate hewa, wanachukua kilevi chenyewe wanakigeuza kuwa siki. Kwaiyo ukiisikia siki kwenye pipa lako usianze kulaumu ndizi, angalia hewa imeingilia wapi. Pipa lilikuwa nusu na juu kumejaa hewa? Kitambaa kilikaa vibaya? Uliikoroga koroga kila saa kwa wasiwasi? Na vile vinzi vidogo vya ndizi mbivu, hivyo vinatua kwenye ndizi iliyooza alafu vinakuja kutua kwako, vinabeba hao bakteria moja kwa moja. Mimi sasa hivi natumia pipa linaloendana na kiasi ninachopika, lijae karibu juu, nafunga kitambaa kizito kwa mpira pembeni, na nikishachanganya siligusi mpaka kesho yake.

Jambo lingine ni saa ya kuonja. Mbege ina umri kama ulanzi, hili angalau nilikuja nalo kutoka nyumbani. Ukionja masaa machache baada ya kuchanganya ule uji wa kimea na juisi ya ndizi utasema imeharibika kwa kuwa tamu, kumbe bado. Kesho yake mchana ndo yenyewe, kilevi kimepanda, utamu umepungua, inachemka, ukiweka sikio karibu na pipa unasikia vipovu. Siku ya pili yake inakuwa kali, wazee wengine wanaipenda hivyo na wako sahihi, ila ukitaka kujua ulipika vizuri onja saa ileile kila mara, la sivyo unalinganisha vitu viwili tofauti. Kaka yangu yuko Marekani anapika bia ya shayiri jikoni kwake, kule serikali kuu iliruhusu watu kupika bia nyumbani kwa sheria ya mwaka 1978, na yeye alinambia kitu kinachofanana, kwamba bia changa inaweza kuwa na ladha ya tofaa bichi au siagi, mtu anaimwaga, kumbe angeiacha hamira imalizie kazi yake ingejisafisha yenyewe.

Na usionje umetoka kula pilipili, wala umetoka kupiga mswaki, dawa ya meno inaharibu kila kitu. Kikombe kisiwe na harufu ya sabuni. Nusa kwanza, alafu kunywa, hata kama kuna watu wanakuangalia. Mbege iliyopata jua mchana kutwa inaonekana chachu kuliko ilivyo, isogeze kivulini ipoe ndo uhukumu.

Uchungu niliuhangaikia sana, maana magome ya msesewa hayafanani, ya mti mkubwa na ya mti mdogo, makavu na mabichi, kwaiyo kipimo cha konzi hakisaidii. Ninachofanya nachemsha magome pembeni, naonja maji yake yakiwa yamepoa, ndo naamua niweke kiasi gani. Sizidishi kwa sababu moja zaidi, msesewa ni jamii ya mimea inayoitwa Rauvolfia, na kwenye jamii hiyohiyo, ule wa India, ndiko wanasayansi walipata mwaka 1952 dawa ya presha ya reserpine. Kwaiyo ni mti wenye nguvu, sio kiungo cha kumwaga tu ili pombe ionekane kali.

Sasa kuna sehemu ambayo ulimi haukusaidii na hii naomba isomwe vizuri. Kimea. Ulezi ukiotesha ukaukausha taratibu kwenye unyevu unapata ukungu, na harufu yake unaweza kuisikia, kama gunia lililolowa, lakini sio kila sumu ina harufu au ladha. Januari 2015 kule Chitima, mkoa wa Tete, Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Uchunguzi ulikuja kuonyesha ni sumu iliyotengenezwa na bakteria kwenye unga wa mahindi ulioharibika uliotumika kuipika, na kuchemsha hakuiondoi. Wale watu walionja, walikunywa kama kawaida. Tangu nisome hiyo habari mimi ulezi wangu nauangalia kwa macho na mkono kabla haujafika kwenye mashine, nauotesha mwenyewe, nauanika juani ukiwa mwembamba kwenye turubai, nauvunja punje kwa meno nione imekauka mpaka ndani, na ukiwa na doa la kijani au jeusi au umeshikana mabonge hauingii kwenye chungu, sijali bei niliyonunulia. Usijidanganye kwamba utaonja ndo utajua.

Nikirudi kwenye ladha, kuna siku ulimi wako mwenyewe unakudanganya kwa sababu unaijua kazi uliyofanya, unataka iwe nzuri. Hapo nawaita watu. Naweka vikombe vitatu, viwili vya pipa langu jipya na kimoja cha pipa la mara iliyopita, au la yule mama wa mtaani, siwaambii kitu, nawauliza tu kipi kiko tofauti. Hata viwanda vya bia wanaonja kwa mtindo huu. Wakishindwa kukipata, basi mbege yangu iko palepale. Wakikipata nawauliza kina nini, na hapo wanaongea ukweli kwa sababu hawajui wanamsema nani. Shemeji yangu mmoja ndo alinambia kwa njia hii kwamba pipa moja linanuka moshi, na kweli uji wa kimea ulikuwa umeshika chini ya sufuria, kidogo tu, mimi pua ilishazoea moshi wa jikoni siusikii.

Ikiwa imezidi uchachu ule laini, unaokoa kwa kuongeza uji mwingine wa kimea uliopoa pamoja na juisi ya ndizi isiyochacha, unaacha masaa machache, inakaa sawa. Ikizidi uchungu vilevile, unaichanganya na pipa lisilo na msesewa. Ikishaingia siki hairudi nyuma, hiyo usichanganye na nzima ukaharibu vyote viwili. Mwaga, alafu pipa lioshe kwa maji yanayochemka na ulianike wazi juani. Kama ni la plastiki na lina mikwaruzo ndani, nunua jingine, kwenye ile mikwaruzo brashi haifiki na wale bakteria wanabaki humo wanasubiri mbege inayofuata.