Lengo la 2040 Halizimi Mtambo wa Makaa

Kila jimbo la Marekani linapopitisha sheria mpya ya nishati, kinachopigiwa debe ni asilimia na mwaka: Hawaii asilimia 100 ifikapo 2045, New York asilimia 70 ifikapo 2030, Minnesota asilimia 100 ifikapo 2040. Mimi huziruka kurasa hizo za mwanzo. Nimekuwa msomaji wa sheria hizi kwa muda mrefu, kwa udadisi zaidi kuliko kwa kazi, na nimejijengea mazoea ya kwenda moja kwa moja kwenye vifungu vya katikati ambavyo gavana havitaji siku ya kutia saini: nani atalipia njia za kusafirisha umeme, mtambo wa makaa ya mawe ukifungwa deni lake linaangukia kwa nani, nani ana kauli ya mwisho kuhusu eneo la mradi, na kampuni ya umeme isipotimiza wajibu wake inatozwa nini. Vifungu hivyo ndivyo vinavyoamua kama umeme utafuliwa kweli, au kama sheria itabaki kabatini.

Uwezo wa majimbo katika jambo hili umetokana na mgawanyo wa zamani wa madaraka. Sheria ya umeme ya shirikisho ya 1935 iliipa serikali kuu usimamizi wa biashara ya jumla ya umeme unaovuka mipaka ya majimbo, na ikayaachia majimbo uamuzi kuhusu mitambo inayojengwa na bei anayotozwa mteja wa mwisho. Ndiyo maana Iowa iliweza, mwaka 1983, kuzilazimisha kampuni zake mbili za umeme kununua megawati 105 za nishati jadidifu, wakati neno tabianchi lilikuwa halijaingia katika siasa za nchi hiyo. Kampuni zilibishana na sheria hiyo kwa miaka mingi, lakini leo zaidi ya nusu ya umeme unaozalishwa Iowa unatokana na upepo. Bunge la Marekani, kwa upande wake, lilishindwa kupitisha sheria ya taifa ya kupunguza gesijoto pale mswada uliopita katika Baraza la Wawakilishi mwaka 2009 ulipofia Seneti, na mpango wa Rais Obama wa mwaka 2015 kuhusu mitambo ya umeme ulisimamishwa na Mahakama ya Juu Februari 2016 kabla haujaanza kutekelezwa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Texas, jimbo ambalo halijawahi kujisifu kwa mapenzi ya mazingira. Mwaka 1999 bunge lake lilipitisha sheria ya kufungua soko la umeme kwa ushindani, na ndani ya sheria hiyo ndefu, iliyotiwa saini na Gavana George W. Bush, kulikuwa na sharti la kuongeza megawati 2,000 za nishati jadidifu ifikapo 2009. Sharti hilo lilikuwa na meno. Kila megawati-saa moja iliyozalishwa ilipewa cheti chake, kila muuzaji wa umeme alitakiwa kuwa na idadi fulani ya vyeti kulingana na mauzo yake, vyeti viliuzwa na kununuliwa, na aliyepungukiwa alikabiliwa na faini iliyoweza kufika dola 50 kwa kila cheti. Lengo lilivukwa mapema, na mwaka 2005 likapandishwa hadi megawati 5,880 ifikapo 2015.

Hata hivyo, cheti hakisafirishi umeme. Upepo mwingi wa Texas uko magharibi na kaskazini, kwenye mashamba makubwa yenye watu wachache, ilhali watumiaji wako Dallas, Houston, Austin na San Antonio. Mwekezaji hakutaka kujenga mitambo mahali pasipo na njia ya umeme, na mwenye njia hakutaka kuijenga kwenda mahali pasipo na mitambo, walikuwa wanategeana. Sheria ya 2005 ilivunja mkwamo huo kwa kifungu ambacho ningekisifu hata kama sheria nzima iliyobaki ingekuwa tupu: tume ya jimbo inayosimamia kampuni za umeme iliagizwa itambue maeneo yenye upepo wa kutosha, iamuru njia zijengwe kwanza, na gharama zake zigawanywe kwa wateja wote wa gridi ya jimbo. Njia za takriban kilomita 5,800 zilikamilika kufikia mwisho wa 2013, kwa gharama ya karibu dola bilioni 7. Ilisaidia mno kwamba gridi ya Texas imejitenga na iko karibu yote chini ya tume moja, hivyo hapakuwa na jimbo jirani la kugombana nalo kuhusu nani alipe kiasi gani. Kwingineko Marekani njia ya aina hiyo ingevuka majimbo kadhaa, na kila jimbo lingeuliza lenyewe linafaidika nini.

Mwaka 2023 Texas iliamua kuliondoa sharti lile la vyeti hatua kwa hatua, na soko halikutikisika, kwa sababu njia zimeshasimama na upepo umeshakuwa biashara. Kilichofuata kinafundisha zaidi. Mwaka 2025 Seneti ya Texas ilipitisha miswada mitatu ambayo ingebana upepo na jua kwa masharti mapya, na yote mitatu ilifia katika Baraza la Wawakilishi la jimbo hilohilo, linaloongozwa na chama kilekile cha Republican. Wamiliki wa ardhi wanaolipwa kodi ya pango na kampuni za upepo, pamoja na kaunti na wilaya za shule za vijijini zinazotegemea kodi ya mitambo hiyo, wana wabunge wao.

Kufunga mtambo wa zamani ni kazi ngumu kuliko kujenga mpya, na hapo New Mexico inastahili kusomwa taratibu. Sheria yake ya mwaka 2019, iliyotiwa saini na Gavana Michelle Lujan Grisham, inataka kampuni kubwa za umeme zifikie asilimia 50 ya nishati jadidifu ifikapo 2030, asilimia 80 ifikapo 2040, na umeme usiotoa kaboni kabisa ifikapo 2045. Sehemu yenye uzito, lakini, ilihusu mtambo mmoja wa makaa, San Juan, ulioko kaskazini-magharibi mwa jimbo karibu na Farmington. Kampuni iliyouendesha ilikuwa bado haijarudisha fedha zote ilizowekeza humo, na kwa kawaida deni la namna hiyo ndilo linalofanya kampuni ing'ang'anie mtambo uliochakaa. Sheria iliiruhusu iuze hati fungani zenye riba nafuu, zitakazolipwa na wateja kupitia tozo maalumu kwenye bili, badala ya wateja hao kuendelea kulipia deni pamoja na faida ya wenye hisa. Sehemu ya fedha hizo ilitengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mtambo na mgodi na kwa ajili ya jamii inayouzunguka.

Kuna kifungu kingine humo ambacho wengi hawakitaji. Wilaya ya shule ya eneo hilo iliishi kwa kodi ya mtambo ule, kwa hiyo sheria ilielekeza kwamba umeme wa kuziba pengo, hadi megawati 450, ujengwe ndani ya mipaka ya wilaya hiyohiyo ya shule. Aliyeandika maneno hayo alikuwa amekaa na watu wa Farmington akawasikiliza. Mwaka 2020 tume ya jimbo iliidhinisha sola na betri kuchukua nafasi ya mtambo, bila gesi. Utekelezaji haukuwa laini hata hivyo: mtambo ulizimwa Septemba 2022, miradi ya sola ikachelewa, na hati fungani zilikaa bila kuuzwa hadi mwishoni mwa 2023, huku kukiwa na mzozo mkali kuhusu wateja walioendelea kutozwa gharama za mtambo uliokwisha kuzimwa. Sheria ilieleza vizuri fedha zipatikane vipi, ila haikusema lini. Mwandishi wa sheria inayofuata, katika jimbo lolote, aanze na tarehe hiyo.

Vifungu vya katikati vinaweza pia kununuliwa. Ohio ilikuwa na sharti la nishati jadidifu tangu 2008, kisha mwaka 2019 ikapitisha mswada uliojulikana kama nambari 6, uliowatoza wateja takriban dola milioni 150 kwa mwaka ili kuviokoa vituo viwili vya nyuklia, ukavipa ruzuku vituo viwili vya makaa ambavyo kimoja chake hakiko Ohio bali jimbo jirani la Indiana, na ukapunguza sharti la nishati jadidifu kutoka asilimia 12.5 hadi 8.5. Baadaye ilibainika mahakamani kwamba takriban dola milioni 60 zilikuwa zimepitishwa kwa siri kumnufaisha Larry Householder, spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo, ambaye mwaka 2023 alihukumiwa kifungo cha miaka 20. Ruzuku ya nyuklia ilifutwa mwaka 2021. Ile ya makaa iliendelea kulipwa kwa miaka kadhaa baada ya hapo, na punguzo la nishati jadidifu halikurudishwa. Hongo iligunduliwa, mla hongo akafungwa, na sheria aliyoipitisha ikaendelea kufanya sehemu ya kazi iliyolipiwa.

Jambo jingine ninalolitazama ni ngazi ambayo sera imeandikwa. Ushirikiano wa majimbo ya kaskazini-mashariki wa kuuza kwa mnada vibali vya kutoa kaboni, unaojulikana kwa kifupi kama RGGI, ulianza mwaka 2009 na majimbo 10, na historia yake ni ya kuingia na kutoka. New Jersey ilitolewa na Gavana Chris Christie mwishoni mwa 2011, ikarudi mwaka 2020. Pennsylvania iliingizwa kwa kanuni za serikali ya Gavana Tom Wolf bila sheria ya bunge. Kesi zikazuia utekelezaji, mahakama ya jimbo ikaiona tozo hiyo kuwa kodi ambayo bunge halikuipitisha, na Novemba 2025 jimbo likajitoa rasmi katika makubaliano ya bajeti bila kuwahi kushiriki mnada hata mmoja. Virginia, tofauti na hiyo, iliingia kwa sheria. Gavana Glenn Youngkin alipoitoa mwishoni mwa 2023 kwa kutumia bodi ya udhibiti wa hewa, jaji alitamka mwaka uliofuata kwamba kilichowekwa na bunge hakiondolewi na bodi. Juu ya sheria kuna katiba: Montana iliandika mwaka 1972 haki ya mazingira safi na yenye afya, na ni haki hiyo ambayo vijana 16 waliitumia kuiangusha sheria iliyokataza kuhesabu gesijoto katika tathmini za mazingira. Walishinda mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ya jimbo ikathibitisha Desemba 2024.

Wapiga kura nao ni kitendawili. Katika jimbo la Washington walikataa kodi ya kaboni mara mbili, 2016 na 2018. Bunge likapitisha mwaka 2021 mfumo wa kikomo cha kaboni na mnada wa vibali vya kuitoa, ukaanza 2023, na Novemba 2024 ilipoletwa kura ya kuufuta, takriban asilimia 62 walikataa kuufuta. Nadhani sababu ni kwamba safari hii fedha za mnada zilikuwa zimeshaonekana, kwenye mabasi, kwenye miradi, na kwenye punguzo la dola 200 katika bili za umeme za kaya za kipato cha chini na cha kati, lililotolewa miezi michache tu kabla ya kura. Nina shaka kama tarehe hiyo iliangukia hapo kwa bahati.

Kuhusu maeneo ya kujengea miradi nitasema kwa ufupi. Tangu 2021 Ohio imezipa kaunti uwezo wa kupiga marufuku miradi mikubwa ya upepo na jua katika maeneo yao, na Michigan ikafanya kinyume mwaka 2023, ikiiruhusu tume ya jimbo kuidhinisha miradi mikubwa pale serikali za mitaa zinapokwamisha. Naelewa uchungu wa mwanakijiji anayepitwa, lakini jimbo linaloweka lengo la asilimia 100 na kumwachia kila jirani kura ya turufu limeandika sheria mbili zinazopingana.

Sasa hesabu zote hizi zimevurugwa kutoka juu. Aprili 2025 Rais Trump alimwagiza mwanasheria mkuu kuzishambulia sheria za tabianchi za majimbo, Juni akasaini maazimio ya kufuta ruhusa ya California ya kuweka viwango vyake vya moshi wa magari, na sheria ya bajeti ya 4 Julai 2025 ikafupisha nafuu ya kodi ya upepo na jua: mradi uwe umeanza kujengwa kabla ya 4 Julai 2026, la sivyo ukamilike kabla ya mwisho wa 2027. Malengo mengi ya majimbo yalipigiwa hesabu nafuu hiyo ikiwemo. Vermont na New York zilipitisha mwaka 2024 sheria za kuzitoza kampuni kubwa za mafuta na makaa, New York ikilenga dola bilioni 75 kwa miaka 25, lakini fedha hizo ni za kukarabati na kujihami dhidi ya madhara ya tabianchi, haziwezi kujengea mitambo, na serikali kuu imeshazifungulia kesi. Pengo linaloachwa na nafuu hiyo litabaki kwenye bili ya mteja, kwenye bajeti ya jimbo, au kwenye tarehe itakayosogezwa mbele. Illinois, ambayo sheria yake ya 2021 inataka mitambo binafsi ya makaa ifungwe ifikapo 2030, iliacha mlango: mtambo unaweza kubaki iwapo waendeshaji wa gridi wataona bila huo umeme hautatosha. Kwa jinsi vituo vya data vinavyoongeza mahitaji ya umeme katika eneo hilo, sitashangaa maombi ya kuutumia mlango huo yakianza kuwasilishwa kabla ya muda.