Vile tableti ilivyonifikisha Dubai na watoto wawili

Nataka kueleza vile nilivyosafiri na wanangu kutoka Mombasa mpaka Dubai, binti ana miaka 8 na mdogo wake wa kiume ana 4, mimi peke yangu bila mtu mzima mwengine wa kunishikia, manake baba yao ndiye tulikuwa twamfuata huko kazini. Kilichonitisha si ndege, ni yale masaa. Mombasa mpaka Nairobi haifiki hata saa nzima hewani lakini ukishuka Nairobi unangoja, halafu kuna masaa matano hivi mpaka Dubai, na mtoto wa miaka minne kumwambia akae kitako masaa matano ni kama kuiambia bahari itulie wakati wa kusi.

Na nlikuwa nishaumia kabla. Mwaka uliotangulia tulienda Kisumu kwa harusi, tableti nimeijaza katuni zilizopakuliwa ndani ya apu ya kulipia, nikajua mambo yamekwisha. Tumekaa kwenye ndege nafungua, apu yaniambia niunganishe intaneti kwanza. Intaneti gani tena hapo juu? Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka, watu wanageuka kutuangalia, na mimi machozi yananilenga. Baadaye ndio nikaja kuelewa kwamba kile unachopakua ndani ya zile apu si mali yako, ni kama umeazimwa, apu lazima kila baada ya muda iulize kwao kama bado una ruhusa, na kuna filamu zingine ukishabonyeza tu kuanza kuiangalia unabakia na saa 48 halafu inajifunga. Mimi wiki nzima kabla ya safari nlikuwa nawaonjesha watoto kidogo kidogo, kumbe namaliza muda wenyewe.

Kwa hivyo safari hii nikaamua vitu vingi viwe faili zangu mwenyewe kwenye memori kadi. Tableti yetu ni ya inchi 8, imeandikwa GB 32 lakini ukitoa mfumo wenyewe na picha ilikuwa imebakia kama 11 tu. Nikaenda Mwembe Tayari kutafuta kadi ya GB 64 na hapo naomba uwe makini sana, kuna kadi za bei ya chini zimeandikwa namba kubwa juu ya plastiki lakini ndani hazina hicho kitu, unanakili faili inakubali, ukija kuifungua haichezi. Nlimwambia fundi silipi mpaka tuijaze mbele yangu, akakubali, tukakaa pale karibu saa nzima twanywa kahawa tungu huku faili zinaingia. Ikionekana ni GB 59 badala ya 64 usigombane na mtu, hiyo ni hesabu tu, kiwanda kinahesabu kwa 1000 na tableti inahesabu kwa 1024.

Katuni nilichukua zile wenyewe wameruhusu watu wapakue, nikachukua ubora wa picha wa 480 tu, ule wa chini kidogo, kwenye skrini ya inchi 8 jicho la mtoto halioni tofauti na faili inakuwa ndogo, katuni ya dakika 20 ilikuja kama MB 120. Nikaongeza video za kasida za madrasa yao, video ya harusi ya dada yangu ambayo binti haishi kuiangalia, michezo miwili ya kupanga maumbo isiyohitaji intaneti.

Halafu kitu ambacho ndicho nakithamini kuliko vyote. Mamangu, yani nyanya yao, huwahadithia kila usiku hapo barazani Kibokoni, hadithi za sungura na fisi na mengine anayoyajua yeye. Nkamwomba nimrekodi. Mwanzoni alikataa, akanambia mwanangu mimi hadithi siwezi kuhadithia simu, nahadithia watu. Basi nikawaita watoto wa jirani wakakaa mkekani, nikaiweka tableti pembeni, akahadithia siku tatu usiku. Nikapata hadithi saba, sauti tupu bila picha, na zote pamoja hazikufika hata ukubwa wa katuni mbili.

Usiku wa mwisho kabla ya safari nkafanya mtihani. Niliweka hali ya ndegeni, ile inayokata intaneti na mawasiliano yote, nikaizima na kuiwasha tena tableti, nikafungua kila kitu kimoja kimoja, si kuangalia jina tu bali kucheza dakika moja moja. Katuni tatu zilitoa picha bila sauti. Nikawasha intaneti, nikaweka VLC, apu ya kuchezea video ambayo ni ya bure na inasoma karibu kila aina ya faili, sauti ikarudi. Hebu fikiria ningeligundua hilo nishafika huko juu mawinguni.

Upande wa kusikiliza nlinunua hedfoni mbili za kitoto zenye waya, zile zimeandikwa hazipiti desibeli 85, pamoja na kile kiwaya cha kugawa tundu moja yakawa mawili, watoto wote waangalie kitu kimoja bila kugombania. Angalia tableti yako kwanza kama ina tundu la hedfoni, nyingi za siku hizi hazina.

Pawabanki ni ya 20,000 mAh, na ukipiga hesabu kwa volti 3.7 inakuwa wati-saa (Wh) 74, mpaka unaokubaliwa ndegeni bila kuomba ruhusa ni Wh 100. Lazima iwe kwenye mkoba wa mkononi, usiitie kwenye sanduku linaloenda chini, manake betri za lithiamu zikishika moto kule chini hakuna wa kuifikia. Na mashirika mengine siku hizi hata kuitumia ndani ya ndege hawataki, unaruhusiwa kubeba tu, kwa hivyo mimi nliitumia Nairobi tulipokuwa twangoja, tukapanda tableti ikiwa asilimia 100.

Kutoka Mombasa sikuitoa kabisa. Naamini mtoto akipewa skrini mapema utakuwa umemaliza silaha kabla ya vita, na pia ni dhambi kumfungia mtoto dirisha. Nlichagua viti vya kushoto, tukaondoka hapo Port Reitz wanaona mikono ya winchi za Kilindini inakuwa midogo kama ya kuchezea, kisha njiani alhamdulillah mawingu yakafunguka Kilimanjaro ikatokea na theluji yake. Mdogo aliuliza nani ameweka sukari. Hapo tableti ingekuwa ya nini.

Kazi ilikuwa ndege ya pili. Viti vyake vina skrini, na mimi nikajiambia zikiwepo vizuri tableti itakuwa ya akiba, lakini ile ya kiti cha mdogo ilikuwa imekufa, mhudumu akajaribu kuiwasha upya mara mbili akaomba radhi. Ndege imejaa hakuna pa kuhamia. Nkashukuru Mungu sikutegemea kitu cha watu.

Wakati wa kuruka meza zinafungwa, tableti ndogo nikaishika mkononi hadi tukatulia juu. Halafu nikaikunja leso nikaifanya kama mto mrefu, nikaiegemeza tableti juu ya meza, haitelezi na shingo ya mtoto haipindi. Mwangaza nikaushusha chini ya nusu, betri skrini ndiyo inayoila. Katuni dakika arubaini, kisha kula, kisha mchezo, kisha kutembea mpaka chooni na kurudi, kisha katuni tena. Sikuwaachia mfululizo, mtoto akiangalia masaa matatu bila kupumua akija kunyang'anywa ndio utajua.

Kulikuwa na mara moja tableti iliponyoka ikaingia kati ya kiti na ukuta. Nami nataka kuinama niivute, jirani yangu wa kiti cha mbele wakati huohuo yuwataka kukilaza kiti chake. Nkamwambia kaka tafadhali usikisogeze kwanza. Mhudumu alipokuja akasema tumefanya vyema, kiti kikiibana tableti betri yaweza kupasuka na kuwaka. Aliitoa mwenyewe taratibu, haikuwa na mkwaruzo.

Saa ya nne ya safari taa zikazimwa, mdogo ana usingizi lakini hataki kulala, macho mekundu, ameanza kupiga teke. Nkazima picha kabisa nikamwekea nyanya yake. Mimi sisikii kitu, namwona uso tu, mara akapaza sauti ndege nzima kimya, "Pakawa!" Manake nyanya amesema paukwa masikioni mwake na yeye amejibu kama yuko mkekani. Mama mmoja wa upande wa pili, mtu mzima amevaa buibui, akacheka akasema kwa sauti ndogo, huyo ni wa kwetu. Binti akachomeka hedfoni yake naye, wakawa wanajibu wote wawili. Hadithi ya pili haikufika kati, mdogo amelala ameng'ang'ania waya, na mimi nilikaa gizani namfikiria mamangu kule nyumbani, hajawahi kupanda ndege maisha yake na sauti yake imelaza mtoto huku juu.

Kushuka nliwavua hedfoni mapema. Masikio yanaziba hewa ikibadilika na mtoto anafaa ameze ameze mate, binti nikampa mabuyu amung'unye, mdogo nkamwamsha nikampa juisi ya mrija. Vidole vyote vikawa vyekundu na tableti pia, ilifutika na kitambaa chenye maji.

Kitu cha mwisho, na hiki nlikifikiria kwa sababu dada yangu alinitahadharisha: nlikuwa nimeficha hadithi mbili na katuni moja mpya ambazo hawajaziona kamwe. Foleni ya pasipoti Dubai siku hiyo ilizunguka kama nyoka, watoto wamechoka, mizigo, joto la watu. Nkaitoa tableti, asilimia 31 imebakia, nikawaambia kuna hadithi moja hamjaisikia. Wakatembea foleni nzima wameungana kwa ule waya wa kugawa, hatua moja, wanasimama, hatua moja, mpaka afisa akatuita. Baba yao alipotuona kule nje alinyoosha mikono, na mdogo kabla hajamrukia alivua hedfoni yake akamvisha yeye kwanza, akamwambia msikilize nyanya.