Siku moja maishani mwangu: kufunga taa za dari katika gereji ya nyumbani, Kisumu

Saa 12:30 asubuhi

Leo ninafunga taa katika gereji ya nyumba moja mtaani Milimani, upande unaoelekea Dunga, na kwa kuwa sehemu ya kazi hiyo hufanywa juu ya dari, sina budi kuianza kabla jua halijayachoma mabati. Hapa Kisumu, ikikaribia saa sita mchana, nafasi iliyo kati ya mabati na dari haikaliki, na fundi aliyejikunyata humo huku jasho likimwingia machoni hawezi kukaza skrubu za waya kwa uangalifu unaotakiwa. Kijana anayejifunza kazi kwangu amekwisha kupakia vifaa kwenye Probox: drili, multimita (kipimo cha umeme), kipima insulesheni (cha kujaribu kama ganda la waya linazuia umeme), rola za waya, paipu za plastiki na taa nne zikiwa bado ndani ya maboksi. Ngazi yetu, iliyofungwa juu ya gari, ni ya fibaglasi. Ya alumini siikubali katika kazi hii, maana alumini hupitisha umeme.

Saa 1:10 asubuhi

Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu, nami humwita Mwalimu kama wanavyomwita majirani wake wote. Ametungoja langoni.

“Karibu, Fundi. Leo tutapata mwanga?”

“Tutapata, Mwalimu. Gari tu ulitoe nje, tuanze.”

Gereji yake ina urefu wa mita 6 na upana wa mita 3.6, na dari yake ya mbao iko mita 2.7 juu ya sakafu. Katikati ya dari ipo tyubu moja ya futi nne, ya wati 36, yenye choki na stata (vifaa vya kuiwasha na kudhibiti umeme wake), ambayo hupepesa kwanza ndipo iwake. Chini yake hulala gari, na kando ya ukuta wa kushoto pana benchi ambapo Mwalimu huranda mbao na kutengenezea wajukuu viti. Nilipokuja kukagua, aliniambia kwamba anataka taa moja kubwa zaidi, ifungwe pale pale katikati. Karibu kila mwenye gereji huniomba hivyo, nami kila mara huomba kwanza tuwashe taa iliyopo tuone mwanga wake unaangukia wapi.

Tulifanya hivyo jioni ile. Gari likiwa ndani, Mwalimu alifungua boneti na kusimama mahali anaposimama akipima oili. Boneti ya gari lake, kama ilivyo kwa magari mengi, hujikunja upande wa kioo cha mbele, kwa hiyo ilipoinuliwa iliukinga mwanga wote uliotoka katikati ya gereji, na injini ikabaki gizani. Kisha akaenda kwenye benchi. Hapo taa ilikuwa mgongoni mwake, na kivuli chake mwenyewe kililala juu ya ubao kiasi kwamba mstari wa penseli aliokuwa ameuchora haukuonekana mpaka alipoinama. Kilichomulikwa vizuri ni paa la gari, mahali ambapo hakuna mtu anayefanya kazi yoyote. Taa yenye nguvu mara tatu, ikifungwa hapo hapo, ingeongeza mng'aro wa paa na weusi wa vivuli, na Mwalimu angeendelea kushika tochi kwa meno. Tukakubaliana kuwa taa zitakuwa nne, katika safu mbili zinazofuata urefu wa gari: safu moja juu ya ukingo wa mbele wa benchi, nyingine juu ya njia ya kulia, na katikati pasiwe na kitu.

Saa 1:40 asubuhi

Kabla ya kugusa waya wowote, nazima breka ya taa (swichi ya kinga kwenye boksi la umeme), naifunga kwa kufuli ndogo, na ufunguo nautia mfukoni. Umeme wa nyumba zetu ni volti 240, na hauna huruma na mtu aliyeambiwa “nimezima” na mwenzake aliyezima breka ya chumba kingine. Kijana anajua utaratibu, lakini namtaka aufanye nikimtazama: anapima kwanza mahali panapojulikana kuwa pana umeme, ili ahakikishe kuwa kipimo ni kizima, anapima waya za taa, kisha anarudi kupima pale pa kwanza. Bisibisi ya tesita inayowaka kitaa kidogo naiona mikononi mwa mafundi wengi, nami siwezi kuyakabidhi maisha ya kijana wa watu kwa kitaa hicho.

Tunapofungua swichi ya zamani tunakuta kwamba aliyefunga umeme huu miaka hiyo alipitisha nyutro (waya wa kurudisha umeme) kwenye swichi badala ya laivu (waya unaouleta). Tyubu ilizimika kama kawaida, kwa hiyo hakuna aliyeshuku. Hata hivyo, waya wenye umeme ulibaki umefika darini hata swichi ikiwa imezimwa, na yeyote aliyepanda kubadilisha tyubu akidhani ametoa umeme alikuwa hatarini. Kwa taa za LED kasoro hii hujionyesha kwa namna nyingine: taa huzimwa usiku lakini hubaki ikitoa mwanga hafifu, na wenye nyumba hudhani taa ni mbovu. Tunairekebisha papo hapo.

Saa 2:15 asubuhi

Juu ya dari. Waya wa taa ni wa milimita 1.5 za mraba, nao unapita ndani ya paipu ya plastiki tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu panya hutafuna waya ulioachwa wazi na mbao zilizokauka huhitaji cheche moja tu. Viungo vyote vya waya vimo ndani ya maboksi yenye vifuniko. Waya uliosokotwa kwa koleo na kuzungushiwa tepu hauwezi kuwa kiungo cha kudumu mahali penye joto kama hili, maana gundi ya tepu huyeyuka na tepu ikajifungua. Waya wa tatu, wa ethi (unaopeleka umeme uliovuja ardhini), unafika kwenye kila taa. Nyumba nyingi za zamani hazina waya huo upande wa taa, na taa yenye umbo la chuma ikifungwa bila ethi, siku laivu ikigusa chuma umbo zima huwa na umeme.

Mzigo wenyewe ni mdogo. Taa nne za wati 36 ni wati 144, na kwa volti 240 hiyo ni ampea 0.6 tu, ambayo breka ya ampea 10 haitaisikia hata kidogo. Kwa upande wa tokeni, Mwalimu akiwasha zote nne atakaa karibu saa saba kabla ya kumaliza uniti moja, yaani kilowati-saa moja. Safu mbili hizi nimezipa swichi mbili tofauti mlangoni, ili anapoegesha gari tu awashe moja.

Saa 4:00 asubuhi

Mke wa Mwalimu ametuletea chai ya maziwa na viazi vitamu, na tukiwa tumekaa kwenye benchi namwonyesha kijana maandishi ya boksi, kwa sababu fundi asiyeyasoma huuziwa chochote.

Jambo la kwanza ni lumeni. Wati huonyesha umeme unaoliwa, lumeni ndizo mwanga unaotoka, na taa mbili za wati 36 zaweza kupishana sana. Kwa kazi za gari na za useremala mwepesi nalenga lakisi 300, yaani lumeni 300 kwa kila mita ya mraba. Gereji hii ni mita za mraba 21.6, kwa hiyo lumeni 6,480 lazima zifike chini. Tatizo ni kwamba hazifiki zote: kuta zisizopakwa rangi nyeupe hunywa mwanga, vumbi hutanda juu ya kifuniko, na taa yenyewe hufifia kadiri miaka inavyopita. Mimi huhesabu kwamba karibu nusu itapotea, na ndiyo sababu tumenunua taa nne za lumeni 3,600 kila moja, jumla 14,400. Kuta zikipakwa chokaa nyeupe, hesabu hupungua, na nimemwambia Mwalimu kwamba ndoo ya rangi ni sehemu ya taa.

La pili ni rangi ya mwanga. Dukani karibu kila taa ya gereji ni ya kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 6500, nyeupe inayoelekea samawati, na wauzaji huisifu kuwa ndiyo kali zaidi. Nimechagua 4000. Kwangu mimi macho hayachoki mapema, rangi ya mbao haielekei samawati, na jambo kubwa kwa mtu anayeishi karibu na ziwa ni kwamba wadudu huvutwa zaidi na mwanga wenye samawati nyingi. Wakazi wa Dunga wanazijua jioni ambazo wadudu wa ziwa hupanda kwa mawingu na kujaa katika kila kitu kinachowaka. Kwa sababu hiyo hiyo taa hizi zina alama ya IP65: tarakimu ya kwanza, 6, inamaanisha vumbi haliingii, na 5 kwamba hata maji yanayorushwa kwa mpira wa bomba hayaingii. Taa iliyo wazi hapa hugeuka kaburi la wadudu, na mwanga wake hufifia mapema.

La tatu halimo kwenye boksi. Tulipokuwa dukani, nilimwomba muuzaji awashe taa na nikaielekezea kamera ya simu. Taa ya kwanza, ya bei nafuu, ilionyesha mistari myeusi inayotembea kwenye kioo, dalili kwamba draiva yake (kifaa kinachobadilisha umeme wa nyumba uwe unaofaa LED) hailainishi umeme vizuri na taa inapepesa mara 100 kwa sekunde, mara mbili ya mawimbi 50 ya umeme wetu. Jicho halioni, lakini msumeno wa mviringo au drili inayozunguka chini ya taa ya namna hiyo yaweza kuonekana kana kwamba inazunguka polepole au imesimama. Mwalimu ana msumeno wa mviringo, na mikono yake miwili naijali kuliko tofauti ya bei. Taa tuliyoichukua haikuonyesha mstari hata mmoja.

Saa 4:40 asubuhi

Tunafunga taa. Zinakaa chini ya dari, hazizamishwi ndani yake, kwa maana joto la mabati lililo juu lingeipika draiva, na draiva ndiyo huanza kufa katika taa ya LED. Skrubu lazima zishike mbao zinazobeba dari, si ubao mwembamba peke yake; kijana anagonga kwa kifundo cha kidole, anasikiliza mahali sauti inapokuwa nzito, anatia alama kwa penseli. Safu zote mbili zinapigwa mstari kwa uzi wenye chaki.

Saa 7:00 mchana

Ugali na omena kwenye kibanda cha jirani.

Saa 7:45 mchana

Kabla ya kuunganisha taa, napima insulesheni ya waya mpya kwa volti 500. Kiwango cha chini kinachokubalika ni megaomu 1, na waya mpya hutakiwa kuwa juu yake kwa mbali sana. Kipimo hiki hufanywa taa zikiwa hazijaungwa, kwa sababu volti 500 zaweza kuiua draiva hata kabla haijawaka mara ya kwanza. Kisha napima ethi kutoka kwenye kila taa hadi kwenye boksi la breka. Yote yakiwa sawa, tunaunga, tunafunga vifuniko kwa klipu zote (klipu moja ikiachwa, ile IP65 haipo tena), na kufuli inatoka.

Saa 10:00 alasiri

Wingu limejikusanya upande wa milima ya Nandi na radi imeanza. Mvua za radi za alasiri ni za kawaida upande huu wa ziwa, na Mwalimu anauliza kama taa zake zitapona. Katika makubaliano yetu niliingiza kifaa cha kukinga mikurupuko ya volti, nami nakifunga sasa kwenye boksi la breka, nikimweleza wazi kwamba huipeleka volti iliyozidi ardhini kupitia ethi, kwa hiyo ethi mbovu hukifanya pambo, na kwamba radi ikiipiga nyumba yenyewe hakuna kifaa kidogo kama hiki kitakachoizuia. Runinga na aendelee kuichomoa.

Saa 1:20 usiku

Nimerudi peke yangu kupima, kwa sababu mchana mwanga wa mlangoni huchanganyika na wa taa na kipimo hakisemi kweli. Gari liko ndani, boneti imefunguliwa. Kwenye benchi nasoma lakisi 510, juu ya injini 330, na kwenye kona ya nyuma kulia 190. Mwalimu anasema kona hiyo ni ya mafagio, nami sioni sababu ya kumuuzia taa ya tano. Anachukua ubao, anachora mstari, anausoma akiwa amesimama wima.

Tyubu ya zamani tumeitia nzima kwenye boksi la mojawapo ya taa mpya. Ndani yake mna zebaki, na nchi zilizo katika Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, Kenya ikiwemo, zimekubaliana mwaka 2023 kwamba kutengeneza tyubu za aina hii na kuziingiza au kuziuza nje ya nchi kukomeshwe hadi kufikia mwisho wa 2027. Haitupwi shimoni wala haivunjwi. Nitaipeleka pamoja na nyingine nilizokusanya kwa wanaopokea taka za umeme.

Ananilipa kwa M-Pesa, nami namwachia karatasi yenye vipimo vyote, mchoro wa mahali paipu zinapopita ili asije akazitoboa siku ya kutundika kabati, na agizo la kupangusa vifuniko kwa kitambaa chenye maji kila baada ya msimu wa wadudu. Ameniuliza pia kuhusu taa ya veranda. Hiyo nimempendekezea ya kelvini 3000, ifungwe ukutani mbali kidogo na mlango, na nitakuja kuipima Jumamosi.